Marahaba

Nyumbani kwangu Majengo nina vyumba viwili vya wagonjwa.
Mgeni huja na bahasha ya eksirei kwapani
na karatasi ya wakala: chakula halali, wauguzi wa kike,
msikiti hatua thelathini.
Mimi nimezihesabu. Ni mia mbili na kumi,
na mgonjwa wa moyo hupumzika mara mbili njiani.

Bi Sandati alitoka Mutsamudu mwezi wa Shaabani,
miguu imevimba hata viatu kavibeba mkononi.
Nilimpa maji. Akasema, "Marahaba."
Nikacheka kimoyomoyo: sikuwa nimemwamkia.
Kumbe kwao ndiyo asante.

Hospitalini Tudor walimvika kanzu iliyo wazi mgongoni.
Akaikamata kwa nyuma, mikono miwili, kama aliyetiwa pingu,
akaburura miguu hadi kwenye mizani.
Sista Kalekye akamtazama, akatoka bila neno,
akarudi na kanzu ya pili:
"Hii vaa kinyume, juu ya ile."
Kanzu mbili. Karatasi ya wakala haikuziandika.

Kibla hapa ni kaskazini, moja kwa moja,
lakini kitanda kimelala mashariki na magharibi
na nyaya za mashine ni fupi kama subira yangu.
Kalekye, Mkamba wa Mutitu, mwimbaji wa kwaya,
akaniuliza, "Maka iko wapi?"
Nikamwonyesha dirisha. "Pita Mishomoroni, endelea tu."
Akabandika plasta nyeupe kwenye fremu,
jicho la mgonjwa lipate pa kwenda.

Jiwe la tayamamu nililileta mimi, ndani ya soksi.
Askari wa mlangoni alilipekua, akalinusa,
akanirudishia kwa mikono miwili.

Usiku wa kuamkia upasuaji
Daktari Mwakuyala alikuja, akavuta kiti.
Wengine husimama, mkono kwenye kitasa.
Yeye aliketi.
"Mama, dawa ya kuzuia damu isigande
hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe.
Ipo nyingine, lakini kwa moyo huu siiamini."
Nikatafsiri polepole, neno lile nikilibeba
kama mtu abebavyo kaa la moto kwa majani.
Chumba kikanyamaza. Mashine tu ndiyo iliyoendelea kuhesabu.

Nasurdini, mwanawe, akarukia simu:
mjomba apigiwe, sheikh wa mtaani kwao aamshwe.
Sauti ikaja vipande vipande juu ya maji yote yale,
"Dharura, mwanangu, dharura hu—"
na salio likaisha.

Bi Sandati akainua kidole.
"Kilichobaki nakijua.
Nimesomesha watoto chuoni miaka ishirini na tisa.
Sikuuliza ili nikatae.
Kule nilikotibiwa kwanza nilimezeshwa, nikachomwa, nikapasuliwa,
hakuna aliyeniambia ni nini kinachoingia.
Kilichonidhalilisha si nguruwe. Ni kufichwa.
Mwambie achome.
Mimi na Mola wangu tutaelewana."

Juzi wakala alipita
na stika ya kijani ya kubandika mlangoni pangu,
HALALI kwa maandishi ya dhahabu,
shilingi elfu tatu kwa mwaka.
Nikamuuliza: kiti cha daktari
nacho mnakibandika?
Akadhani nataka punguzo.

Bi Sandati aliondoka siku ya ishirini na sita,
Ramadhani imeshaingia, viatu viko miguuni.
Kalekye akamfungia vidonge katika bahasha mbili,
juu kaandika kwa kalamu ya wino:
hii daku, hii futari.
Alikuwa ameulizia maneno hayo jikoni.

"Marahaba," akasema Bi Sandati.
Na Kalekye, ambaye maana alikwisha kuijua,
hata hivyo akainamisha kichwa,
"Shikamoo,"
ili neno lile lipate mwenzake.